Kaskazi Hii, Soko Likupangie Chakula

Wadogo zangu, kaskazi imeingia, na joto la pwani halihitaji kuelezwa. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kabla masika hayajaanza, jikoni hakukaliki, watoto wanaukataa ugali, wakubwa wanashinda na maji tu, na hela ya matumizi ni ileile. Kila mwaka msimu huu mnaniletea swali lilelile: "Dada, nipike nini?" Nami jibu langu halijabadilika. Pika kile kilichojaa sokoni.

Usitoke nyumbani umeshaamua kwamba leo ni kabichi, ukazunguka juani kuitafuta kabichi iliyosafiri kutoka Lushoto, ukainunua kwa bei ya juu nayo imesinyaa. Nenda genge, tazama kuna nini kwa wingi, nunua hicho, ndipo uamue utakipikaje. Ukifanya hivyo mwezi mmoja tu utaona tofauti kwenye pochi na kwenye sahani.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu naona tunavyojinyima katikati ya neema. Maembe yamepangwa mafungu kando ya barabara mpaka yanaozea pale, mananasi ya Kiwangwa yanashushwa kwa malori, bamia zimejaa kwenye matenga, halafu sisi nyumbani ni wali maharage siku nenda rudi. Embe tunalinunua moja, tunalikata vipande vinane, watoto wanagawana kama peremende. Tunda tumelifanya pambo la wageni. Mimi nataka lirudi kwenye chakula cha kila siku.

Genge kwanza, sufuria baadaye

Kuna ishara tatu za kujua kwamba kitu kiko kwenye msimu wake. Kwanza, kila meza inacho. Ukikuta soko zima la Buguruni, au la Darajani, wanauza kitu kimoja, jua mashamba yamezaa. Pili, muuzaji anakipanga mafungu ya kushiba, na ukimwambia "niongezee" anaongeza bila kununa. Tatu, kinanukia. Embe la msimu utalisikia kabla hujaliona.

Kwa upande wa mboga, kumbuka kwamba zipo zinazopenda joto na zipo zinazolikimbia. Bamia, mchicha, matembele, kunde, biringanya na nyanya chungu hustawi hata jua likiwa kali, mradi zipate maji. Karoti, kabichi na njegere zinataka ubaridi wa milimani. Zikifika pwani wakati huu zimeshachoka na safari, na nauli yake unailipa wewe. Sikukatazi karoti. Nasema mboga ya kukutegemeza wiki nzima iwe ile inayoota karibu na unapoishi.

Matunda nayo yana makundi mawili, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo hela nyingi inapopotelea. Embe, papai, ndizi, parachichi na fenesi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Kwa hiyo ukinunua fungu la maembe chagua mchanganyiko: ya kula leo, ya keshokutwa, na mengine magumu bado ya wiki ijayo. Lakini nanasi, tikiti, chungwa na shokishoki hayaongezi utamu yakishaachana na mti wake. Nanasi ukiliweka ndani linaweza kugeuka rangi, ila utamu ni ule uliotoka nao shambani.

Hivyo kundi hili la pili usilinunue kwa matumaini. Nanasi linuse kwenye kitako. Likinukia utamu, chukua. Tikiti lipindue utafute doa la mahali lilipolalia ardhini. Doa likiwa la njano, limekomaa shambani. Likiwa jeupe, liliwahiwa. Kisha linyanyue. Lililo zito kuliko ukubwa wake ndilo lenye maji.

Ukifika nyumbani, maembe magumu usiyatie kwenye friji. Baridi huyadhuru, yakaja kuiva vibaya na ngozi yenye madoa. Yafukie kwenye ndoo ya mchele au yafunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu, kwa sababu gesi inayotoka kwenye ndizi ile huyaharakisha. Yakishaiva ndipo yaingie kwenye friji. Nyanya nazo ziache nje mahali penye hewa, friji huzinyang'anya ladha.

Embe lisisubiri kuiva

Tumezoea kulitolea embe macho mpaka liwe njano. Bibi zetu wa pwani walianza kulitumia likiwa kijani, na mapishi haya ni ya kale kweli. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, alieleza alivyoandaliwa wali wa samli na vitoweo vya pembeni: ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi, na maembe. Akaeleza kwamba embe likiiva ni tunda tamu, na kabla halijaiva huwa kali mfano wa ndimu, nao hulitia kwenye siki. Karibu miaka 700 iliyopita wapishi wa mwambao huu walilijua embe katika hali zake zote mbili. Sisi wa leo tusirudi nyuma.

Kazi ya embe bichi jikoni ni kuleta ukali. Popote unapokamua ndimu au kutia ukwaju, embe bichi linaweza kukaa. Kwenye urojo wa Unguja limo. Kwenye choroko au dengu tia vipande vichache karibu na kuipua, utaona chakula kinavyochangamka. Na kwenye mchuzi wa samaki, hapo ndipo mahali pake hasa.

Hebu tuupike pamoja, wa watu watano. Tafuta kilo moja ya samaki mwenye nyama imara, changu au kolekole. Andaa embe bichi moja kubwa, nazi moja, nyanya tatu, kitunguu maji kimoja, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili mbuzi moja nzima, chumvi na ndimu.

Msugue samaki kwa chumvi, ndimu na nusu ya saumu na tangawizi uliyotwanga. Mwache nusu saa, kisha mkaange kidogo tu ashikamane, asikauke. Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, halafu kamua tui jepesi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo kilainike, tia saumu na tangawizi iliyobaki, tia manjano, kisha nyanya. Nyanya ziive mpaka zipondeke zenyewe na mafuta yaanze kujitenga. Hapo mimina tui jepesi, tia vipande vya embe vyenye unene wa kidole, na pilipili yako nzima ielee bila kupasuka. Embe likianza kulainika kingo, mlaze samaki. Dakika kumi zinamtosha.

Tui zito ndilo la mwisho, na hapa usitoke jikoni. Embe lina ukali, na ukali ukikutana na tui zito kwenye moto mkubwa, tui linakatika: maji yanabaki chini, mafuta yanaelea juu. Punguza moto. Mimina tui kidogo kidogo, huku unateka mchuzi kwa upawa na kuumimina tena, ili uchanganyike bila kumvunja samaki. Usifunike sufuria. Mapovu yakianza kutokea pembeni tu, ipua. Onja kwanza ndipo uongeze chumvi, na ndimu huenda usiihitaji tena. Pakua na wali mweupe, uone kama kuna atakayesema hana hamu ya kula.

Na wewe kaka unayekaa geto na jiko moja, sijakusahau. Menya embe bichi, likwangue au likate vijiti vyembamba. Kitunguu kikate, kifikiche kwa chumvi, kioshe kutoa ukali. Changanya na embe, pilipili, majani ya giligilani na chumvi kidogo. Hiyo ni kachumbari isiyohitaji moto wala mafuta. Weka pembeni ya dagaa wa kukaanga na ugali, umemaliza. Mlo kamili, na gesi yako imebaki.

Yakishaiva, yagawe kazi. Embe lenye nyuzi nyingi ndilo la juisi, kwa sababu unalisaga na kulichuja. Embe dodo lenye nyama nene lile kwa vipande. Ukilisaga dodo umepoteza raha yake.

Mboga za joto zitendewe haki

Mchicha tunauonea, wadogo zangu. Tunaukata kwanza, tunauosha baadaye, tunauchemsha mpaka unakata tamaa, halafu maji yake ya kijani tunayamwaga kwenye sinki. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto, kwa hiyo ukifanya hivyo umemwaga lishe na kubakiza makapi. Osha mchicha ukiwa mzima, kata baadaye, uutie kwenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, dakika tano zatosha. Maji yanayojitoa yenyewe ndiyo mchuzi wake.

Tia mafuta kidogo au tui. Mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani na kwenye embe bila mafuta, kwa hiyo mchicha wa nazi ni akili ya wahenga, si anasa. Kamulia ndimu ukishaipua, au kula na kipande cha embe, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Hili ni muhimu zaidi kwa mjamzito na kwa binti anayeona siku zake. Chai ya rangi iache kwanza, ije baadaye sana, maana hupingana na madini hayohayo.

Magadi kwenye mboga ya majani naomba tuyapunguze. Najua yanalainisha haraka na kutunza rangi, lakini yanaua vitamini. Majani machanga hayahitaji kulainishwa.

Kisamvu kina sheria yake, nacho usikifanyie haraka. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na kinachoiondoa ni kukitwanga vizuri na kukichemsha muda mrefu bila kufunika. Hapo hakuna njia ya mkato hata joto likiwaje. Kichemshe asubuhi na mapema, mchana ukiunge na nazi au karanga.

Bamia wengi mnazikimbia kwa sababu ya utelezi. Anayependa mlenda na afurahi nao. Usiyeupenda, zioshe bamia zikiwa nzima, zifute zikauke kabisa, zikate, uzirushe kwenye kikaango chenye mafuta ya moto bila kuzijaza. Usifunike, usitie maji, chumvi iwe ya mwisho, na umalizie kwa ndimu. Zitatoka zimekauka na kijani chake. Biringanya lichome zima juu ya mkaa mpaka ngozi iungue na ndani kulainike, limenye, liponde kwa saumu, ndimu, chumvi na pilipili. Ni kitoweo cha chapati cha dakika chache.

Sasa onyo, na hili silisemi kwa mzaha. Kaskazi chakula cha nazi huchacha upesi. Mboga ya nazi iliyopikwa saa sita mchana isikae mezani ikisubiri chakula cha usiku. Kabla hakijamaliza saa mbili nje, kiwe kwenye friji, na siku ya joto kali hata saa moja ni nyingi. Kama huna friji, pika kidogo, kiishe. Ukiona povu au harufu ya kuchacha, mwaga bila kuionea huruma. Tumbo la mtoto lina thamani kuliko mboga.

Nanasi, papai, fenesi na bibo

Papai bichi na nanasi bichi vina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana nyama ngumu ya mishkaki ikipakwa papai bichi lililotwangwa inalainika. Kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kilo ya nyama, nusu saa mpaka saa moja, kisha ichome. Usiilaze usiku kucha, itageuka uji kwa nje. Nanasi ni hivyohivyo, linalainisha na kuacha utamu. Moto ukishalipata, nguvu hiyo huisha, kwa hiyo nanasi lililopikwa litakupa ladha tu, halitalainisha.

Vipande vya nanasi vikichomwa kwenye kijiti pamoja na kuku, pilipili hoho na kitunguu, sukari yake inaungua kidogo kingoni, na hapo ndipo raha. Nanasi pia linakaa vizuri kwenye kachumbari ya tango na pilipili, kando ya pilau au biriani. Maganda yake usitupe. Yaoshe kwa makini kabla hujamenya, yachemshe na tangawizi na mdalasini, chuja, poza. Ni kinywaji kizuri, na sukari unatia kidogo tu.

Fenesi watu wanaliogopa kwa utomvu. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kabla hujalipasua, utomvu hautakushika. Nyama yake mbivu inaliwa, na kokwa zake zichemshe kwa chumvi mpaka zilainike, menya ule. Zinashibisha, watoto wanazipenda, na wengi wetu tunazitupa jalalani.

Wenzetu wa kusini, Mtwara na Lindi, na sehemu za Pwani zenye mikorosho, msidharau bibo. Tunaokota korosho, bibo tunaliacha chini lioze. Tunda lile lina vitamini C kuliko chungwa. Likamue, tia chumvi kidogo na ndimu kupunguza ukakasi, linywe siku hiyohiyo.

Weka akiba msimu ukiwepo

Wahenga walisema akiba haiozi. Embe linaoza, kwa hiyo akiba yake inataka mkono wako. Zipo njia tatu, chagua inayokufaa.

Ya kwanza ni achari. Chukua maembe mabichi 10 ya wastani, yaliyokomaa lakini magumu. Yaoshe, yafute yasibaki na tone la maji, yakate vipande na ngozi yake. Changanya na vijiko vinne vya chakula vya chumvi na kijiko kimoja cha chai cha manjano, funika, acha mpaka kesho yake. Mwaga maji yaliyojitoa, tandaza vipande kwenye ungo, funika kwa kitambaa chepesi, anika juani siku moja au mbili mpaka viwe vikavu kwa nje. Pasha mafuta, tia haradali na uwatu kidogo, saumu, pilipili ya kusaga kadiri ya roho yako, ipua, acha yapoe. Changanya na maembe pamoja na nusu kikombe cha siki, pakia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka. Mafuta yafunike vipande. Baada ya wiki moja onja. Adui wa achari ni maji: kijiko chenye unyevu kikiingia, kuvu itafuata. Ukitunza vizuri utakuja kula na wali wa maharage wakati wa masika, embe likiwa halipo sokoni, na utanikumbuka kwa wema.

Ya pili ni kukausha. Embe bivu lisilolainika sana kata vipande vyembamba, panga kwenye wavu safi, funika kwa neti kuzuia nzi, anika. Jua la kaskazi ni la bure, litumie. Jioni ingiza ndani yasipate umande. Yako tayari yakikunjika bila kugandana. Mboga za majani anika kivulini penye upepo, kwa sababu jua la moja kwa moja huharibu vitamini A. Wasukuma wana nsansa yao, majani ya kunde yaliyokaushwa, wanaipika mboga mbichi zikiadimika. Ni elimu ya kuiga.

Ya tatu ni friza, kwa mwenye nayo. Panga vipande vya embe na nanasi kwenye trei visigusane, vikishaganda vihamishie kwenye mfuko. Nyanya zikiwa rahisi nunua sado nzima, zipike na chumvi mpaka ziwe nzito, zigawe kwenye vikopo vya kutosha mapishi ya mara moja moja, gandisha. Mvua zikizidi nyanya huoza shambani na bei hupanda, wewe utakuwa unatazama tu. Umeme ukikatika muda mrefu zikayeyuka, zipike siku hiyohiyo, usizigandishe upya.

Mnayoniuliza mara kwa mara

Mwenye kisukari ale embe? Tunda zima, kiasi kidogo, pamoja na mlo, ni tofauti kabisa na glasi ya juisi iliyobeba maembe matatu na sukari juu. Lakini kiasi chako wewe akupangie daktari anayekutibu. Mwenye matatizo ya figo naye aulize kwanza.

Mtoto aanze lini? Akitimiza miezi 6 na kuanza chakula cha nyongeza, embe bivu na papai bivu vilivyopondwa laini vinamfaa, huku akiendelea kunyonya. Asipewe kokwa akae analimung'unya peke yake.

Maembe yanaleta kuharisha? Mara nyingi kinacholeta kuharisha ni mikono michafu, maji yasiyo salama na nzi. Osha embe kwa maji safi na salama kabla ya kumenya. Tikiti lililokatwa na kukaa wazi barabarani lipite, nunua zima ukate mwenyewe. Kipindupindu hakichagui mtaa.

Mbona midomo inawasha nikila embe kwa ganda? Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake unaunguza ngozi za baadhi ya watu. Likate kikonyo, liegemeze kichwa chini utomvu utoke, lioshe, limenye.

Tule kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Embe moja la wastani likishamenywa na kutolewa kokwa linakupa nusu yake au zaidi. Sahani ya mchicha na kachumbari inamalizia. Msimu huu hakuna mtu wa kipato cha kawaida aliye mbali na kiwango hicho.

Na Ramadhani? Miaka hii inatukuta kwenye kaskazi. Fungua kwa tende na maji, kisha tikiti au embe, ndipo magimbi na muhogo wa nazi. Utakuwa umerudisha maji mwilini kabla ya vyakula vizito, navyo havitakulemea kwenye tarawehe.

Wadogo zangu, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kesho asubuhi nenda genge ukiwa huna jibu kichwani. Tazama kilichojaa, nunua fungu moja la tunda na fungu moja la mboga ya majani, na tunda hilo lazima sehemu yake iingie kwenye chakula, si baada ya chakula. Mwite na mtoto wako jikoni, wa kike na wa kiume, akukatie embe, akukunie nazi, ajue. Maembe yanaisha masika yakikaribia, na hayangojei mtu. Pikeni sasa.